Zamu ya Mwali

Kila mazungumzo yanapogusa siasa za Komoro, kuna hoja inayorudiwa hata na watu makini: kwamba urais wa zamu ulikuwa mchezo wa kitoto, visiwa vikipokezana ikulu kama watoto wanaopokezana baiskeli, na kwamba nchi ilifanya busara kuulegeza mwaka 2018. Hoja hii ina uzito, na nitaurudia uzito wake hapa chini. Lakini wengi wanaoisema hawajawahi kuipigia hesabu wakiwa wamesimama upande wa kisiwa kidogo cha Mwali.

Hesabu yenyewe ni hii. Sensa ya 2017 ilikuta watu 758,316 katika visiwa vitatu vinavyotawaliwa kutoka Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija. Ngazija 379,367, Nzwani 327,382, Mwali 51,567. Kisiwa cha nne, Maore, kina nyota yake kwenye bendera ya taifa, lakini kimebaki mikononi mwa Ufaransa. Ukizipunguza namba hizo hadi watu mia, unapata hamsini wa Ngazija, arobaini na watatu wa Nzwani na saba wa Mwali. Hamsini, arobaini na tatu, saba. Mgombea anayehitaji nusu ya kura na moja zaidi anaweza kwenda Bambao kule Ngazija, akaenda Mutsamudu kule Nzwani, akarudi kwao akashinda, na Fomboni, mji mkuu wa Mwali, wasimwone hata kwenye bango.

Anayetaka kujua saba kwa mia maana yake nini, na asubiri boti Chindini, kusini mwa Ngazija, kuelekea Hoani, kule Mwali. Humo utakuta mgonjwa anayerudi kutoka hospitali ya Moroni, mwanafunzi na begi lake, mama aliyefuata karatasi ya serikali isiyopatikana kwao, magodoro, ndoo za rangi. Kusi likivuma sawasawa boti haitoki, na aliyemaliza nauli anatafuta pa kulala. Karibu kila shida kubwa ya Mwali huvuka bahari kwanza ndipo ipate mtu wa kuisikiliza. Katika nchi ya namna hii, swali la nani anafuatwa na nani wakati wa kura si dogo.

Na zamu haikuzuka hewani. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zilijitangaza kuwa zimejitenga, na Nzwani ikafika mahali pa kuomba kurudi chini ya Ufaransa, ikakataliwa. Miaka 22 tu ya uhuru, na watu wanamwomba mkoloni awarudishe! Malalamiko yao yalikuwa kwamba Moroni inakula peke yake. Mwafaka ulisainiwa Fomboni tarehe 17 Februari 2001, na katiba ya Desemba mwaka huo ikaweka zamu: Ngazija, Nzwani, Mwali.

Kuna sehemu ya mpango huo ambayo wanaoudharau huipita haraka, na kwangu ndiyo moyo wake. Zamu haikuwa kwamba kisiwa kinajichagulia rais kisha kinawapa wengine. Kwanza ulifanyika mchujo ndani ya kisiwa chenye zamu, na wapiga kura wake peke yao wakatoa majina matatu. Kisha nchi nzima ikachagua mmoja kati ya hao watatu. Ungewapendeza wa kwenu tu, ungeanguka duru ya pili. Ungekuwa kipenzi cha Moroni asiyejulikana kwao, usingefika hiyo duru ya pili. Ilibidi mtu apite milango miwili, na mlango wa kwanza ufunguo wake ulikuwa kwa wenyeji. Kwa Mwali hiyo ilikuwa mara ya kwanza wale saba kushika ufunguo ambao wale tisini na tatu waliuhitaji.

Ulifanya kazi? Mwaka 2006 Azali Assoumani wa Ngazija, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Aprili 1999, alimkabidhi Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani kwa amani. Katika nchi iliyozoea kubadilishwa viongozi na mamluki wa Mfaransa Bob Denard, hilo halikuwa limewahi kutokea. Wakosoaji watakumbusha mwaka 2008, kanali Mohamed Bacar alipong'ang'ania Nzwani hadi majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo wanajeshi wa Tanzania na Sudan, yakateremka Machi mwaka huo kumtoa. Wana haki ya kukumbusha. Ila Bacar alikuwa aking'ang'ania kiti cha kisiwa. Zamu ya urais wa Muungano wa Komoro ilikuwa tayari imempa ikulu Mnzwani mwenzake, Sambi.

Mtihani wenyewe ulikuja 2010. Muhula wa Sambi ulipaswa kumalizika Mei mwaka huo, na zamu ilikuwa ya Mwali. Marekebisho ya katiba yaliyopita mwaka uliotangulia yakatumiwa kumwongezea muda. Mwali wakaingia barabarani. Watu saba kwa mia, kisiwa kisicho na jeshi lake wala bandari ya maana, kinamwambia rais aliye madarakani kwamba siku zake zimekwisha. Mahakama ya Katiba ikakubaliana nao: muhula unaishia 26 Mei 2010. Yakafuata mazungumzo, uchaguzi ukapangwa, mchujo ukafanyika Novemba, na 26 Mei 2011 Ikililou Dhoinine akaapishwa, Mmwali wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo. Sijui kisiwa kingine chenye uwiano huo wa watu kilichoweza kusimamisha jambo kama hilo bila kurusha risasi.

Sasa upande wa pili. Watetezi wa mabadiliko wanasema rais wa muhula mmoja, asiye na kura ya kurudi kuomba, hana sababu ya kupanda mti utakaozaa baada yake. Anakuta mipango ya mwenzake, anaitupa, anaanza yake, na ikianza kushika zamu imekwisha. Nchi inayoishi kwa karafuu, vanila, mlangilangi na fedha zinazotumwa na jamaa walioko Ufaransa haina akiba ya kuanza upya kila baada ya miaka mitano. Wanaongeza kwamba mchujo nao ulikuwa na dosari. Mwaka 2016, zamu iliporudi Ngazija, waligombea watu 25. Azali alishika nafasi ya tatu kwa takriban asilimia 15, akapenya kwa tundu la sindano, kisha akashinda nchi nzima kwa asilimia 41 dhidi ya 39 na ushei. Kwa maneno mengine, Wangazija zaidi ya themanini kwa mia walikuwa wamechagua mtu mwingine kwenye mchujo wao. Hata Ikililou alikuwa na asilimia 28 tu kwao, na alikuwa makamu wa Sambi, kwa hiyo wapo Wamwali waliosema rais wao alichongwa Moroni.

Hoja ya miaka mitano naikubali. Ni michache, na ningekuwa mpiga kura wa huko ningeweza kushawishika na kumi. Na mchujo wenye wagombea 25 ulihitaji dawa: duru mbili ndani ya kisiwa, au masharti magumu zaidi ya kugombea. Lakini kilichofanyika 2018 hakikuwa dawa ya ugonjwa huo. Mwezi Aprili Mahakama ya Katiba, ile ile iliyowasikiliza Mwali 2010, ilisimamishwa kazi na mamlaka yake yakapelekwa Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Julai ikapigwa kura ya maoni ambayo upinzani uliisusia, na matokeo yakatangazwa: ndiyo, zaidi ya asilimia 92. Kisiwa kimoja sasa kinaweza kukaa na urais mihula miwili mfululizo ya miaka mitano. Nafasi za makamu wa rais, zilizokuwa zikihakikisha kila kisiwa kina mtu wake pale juu, zikafutwa. Na mchujo wa kisiwani ukaondolewa. Azali alitangazwa mshindi mwaka 2019, na tena Januari 2024.

Angalia kilichobaki. Neno zamu limo kwenye katiba bado, na watetezi huonyesha hilo kwa nia njema kabisa. Lakini mlango wa kwanza umevunjwa. Siku zamu itakapofika Mwali, nani awe rais wa kutoka Mwali litaamuliwa na Ngazija na Nzwani.

Na siku hiyo iko mbali. Ngazija imekalia kiti tangu 2016 na muhula wa sasa unakwenda hadi 2029. Mpangilio wa zamani ukifuatwa, Nzwani ikachukua miaka yake kumi, tunafika 2039. Kijana wa Fomboni aliyepiga kura yake ya kwanza katika mchujo wa Novemba 2010 akiwa na miaka 18, akamsikia kila mgombea akimwomba yeye kabla ya kumwomba mtu wa Moroni, atakuwa na miaka 47. Atasimama kwenye foleni ileile, na kura yake mara hii itaingia kwenye sanduku la nchi nzima tangu duru ya kwanza, saba kwa mia.