Fundi, hiyo waipa ni ya volti 6!

Mafundi umeme wa magari, mnakimbilia wapi? Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Imechapwa kwenye mota ya waipa, 6V, hata kipofu akipapasa anaisoma! Wewe unafunga betri ya volti 12, moshi unafuka, kisha unasema, "Bosi, hii imekufa, tuweke ya Toyota." Imekufa au umeiua?

Indiketa haiwaki? Waya mpya! Honi kimya? Waya mpya! Msasa mmewekea nani? Sugua kutu pale waya wa hasi unapokamata bodi, uone kama haitalia!

Na fyuzi ya kauri ikiungua, kuzungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite, jamani, mnataka tuungue?