Shemeji na Fimbo za Kuzibulia

Ilifika mahali mtu akiflashi choo cha ghorofani, tundu la bafu la chini linakoroma. Sinki la jikoni nalo likaanza kumeza maji kwa kusitasita. Kikigoma kimoja, uchafu uko hapohapo karibu, mara nyingi kwenye ile kona ya bomba chini ya sinki. Vikigoma vyote, bomba kubwa la nje ndilo limeziba. Nikatoa simu nimwite fundi.

"Fundi wa nini na mwanangu yupo?" akauliza mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea.

Mwanawe ndiye shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hajazaliwa fundi wa kumfundisha yule bwana kazi. Mbele ya mama mkwe ningebisha nini? Simu ikarudi mfukoni.

Shemeji akaja na fimbo za kuzibulia, zile zinazoungwa kwa skrubu. "Mimi na bomba hili tunajuana," akasema huku anakunja suruali. "Mwaka jana alilizibua nani?" Kweli, alilizibua yeye, na tangu hapo habari hiyo tumeisikia kwenye kila harusi na kila msiba.

Bomba hilo la nje lina chemba, yale mashimo yenye mfuniko ya kulifikia bomba. Tukafunua ya kwanza, iliyo karibu na ukuta. Imejaa pomoni. Imejaa nini sisemi, huenda unakula. Ya pili, kavu kabisa. Basi mzigo umekaa kati ya hizo mbili, na hapo hata shemeji alipatia.

Akaingiza fimbo, akaunga nyingine, na nyingine, kisha akaanza kuzungusha kwa nguvu zote kuelekea kushoto.

"Shemeji, skrubu si hukazwa kulia?"

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, hii kazi ya mikono, siyo ya maswali."

Akavuta. Ikatoka fimbo moja, ile aliyoishika mkononi. Wenzake walikuwa wamejifungua na kubaki humohumo.

Wakati huo mama mkwe anaoga, na mwanangu mdogo huko ghorofani kamaliza haja zake, kaflashi. Sasa, maji yakikosa njia ya kutoka hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Kwetu tundu hilo lilikuwa kati ya miguu miwili ya mama mkwe.

"Nyie! Nani anamwaga maji kutoka chini?"

Nani aende? Mke wangu katoka. Mimi mkwe, mlango wa bafu nausogelea vipi? Mwanawe wa kumzaa kainama kwenye chemba, ghafla kawa kiziwi. Nikasimama mbali, uso nimeuelekeza kwenye ua, nikapaza sauti: "Mama, panda juu ya ndoo!"

"Ndoo imeshaondoka!"

Hapo simu ilitoka bila ruhusa ya mtu.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee mkimya. Hata hakuitazama chemba iliyojaa, akaenda moja kwa moja kwenye ile kavu, akaingiza fimbo zake kutokea huko, zenye ndoano mbele, akizungusha kulia. "Kushoto unazifungua mwenyewe," akasema bila kumtazama mtu. Kisha akatuambia tukae kando, maana maji yote yaliyozuiliwa huja kwa mkupuo.

Mimi nikakaa kando. Shemeji akainama kuchungulia.

"Naona kitu!" akasema.

Kitu nacho kikamwona.

Baada ya mafuriko, fundi akaanza kuvuta kimoja kimoja. Zikatoka fimbo za leo. Likafuata donge la mafuta ya kupikia yaliyoganda, limejiviringisha na vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto, ambavyo haviyeyuki kwenye maji kama karatasi ya chooni, hata pakiti ikiapa namna gani. Na katikati ya donge, fimbo moja kuukuu, ya rangi tofauti.

Fundi akaipangusa. "Hii imelala humu muda mrefu. Vitambaa vimenasa hapa, mafuta yakagandia juu yake. Ya nani?"

Mama mkwe alikuwa ameshatoka, amevaa, amenuna. Akaitazama fimbo, akamtazama mwanawe.

"Hiyo," akasema shemeji, maji yakimchuruzika kidevuni, "niliiacha makusudi. Inashikilia bomba."