Paka akinyonya blanketi mwacheni, akimeza uzi mkimbilieni

Ukiishi na paka na cherehani ndani ya chumba kimoja hapa Kadutu, mjini Bukavu, huwezi kukosa maoni juu ya paka na vitambaa. Yangu ni haya: tunawapiga paka kwa jambo lisilo na madhara, halafu tunacheka lile linalowaua.

Paka wangu anaitwa Sambaza, jina la wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kazi yake ni kulinda vikwembe, yaani vitenge, vya wateja visiguswe na panya, na kwa hilo simdai kitu. Ila jioni, mvua ya Bukavu ikishapiga bati na baridi kuingia, hupanda juu ya blanketi la sufu, akakandakanda kwa miguu ya mbele, akafumba macho na kunyonya pembe ile ile mpaka ilowe chepechepe. Muda wote ananguruma. Mteja mmoja alimtazama akaniuliza, "Mama fundi, paka yenu iko na njaa? Munamunyimaka chakula?" Mwingine alinishauri nimfukuze kabla hajaleta mkosi.

Mkosi gani? Mtoto wa paka hukandakanda tumbo la mama yake ili maziwa yashuke. Anayetengwa na mama mapema mara nyingi huhamishia hamu ile kwenye kitu laini chenye joto, na sufu ndiyo wanayoipenda kuliko vyote. Kuna paka ambao tabia hii imo kwenye damu, hasa jamii ya Siamese yenye asili ya Thailand. Lakini hawa wetu wa mtaani si wa ukoo huo, na sababu mimi naiona karibu zaidi. Paka akizaa hapa, watoto wameshaombwa na majirani hata macho hawajafumbua. Mmoja anapoanza kulamba kidogo mchuzi wa samaki, tayari, ametiwa kwenye kikapu, kesho alale peke yake kwenye depo la mahindi. Ilifaa akae na mama yake wiki 8 kwa uchache, na 12 ni bora zaidi. Sisi tunamtaka awe askari wa panya angali ananyonya, kisha tunashangaa ananyonya sweta.

Kwa hiyo anayenyonya tu, bila kutafuna, mimi namwacha. Mpe kitambaa chake kimoja kizima, kisicho na nyuzi zinazoning'inia, ukifue, basi. Kumpiga kunamfundisha kukuogopa wewe na kunyonya ukiwa umetoka. Wapo wanaopaka pilipili kwenye kitambaa. Pilipili hiyo paka ataijifutia usoni kwa mguu, iingie machoni, na baadaye atahamia kwenye kitambaa kingine ambacho hukukipaka. Mimi hilo siliiti dawa.

Kutafuna ni habari nyingine kabisa. Utamjua paka anayetafuna kwa kichwa: anakiinamisha upande na kukata kwa magego, si kwa meno ya mbele. Shika kitambaa ukitazame kwenye mwanga. Aliyenyonya ameacha unyevu na manyoya yaliyogandana. Aliyetafuna ameacha tundu lenye kingo safi, na kile kipande hukioni chini wala chini ya meza. Niliwahi kulipa kikwembe cha mteja kwa sababu ya tundu la namna hiyo, lakini pesa si ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kile kipande kilikuwa wapi?

Hatari kubwa kuliko zote ni uzi, na wenye cherehani lazima tulisikie hili vizuri. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma. Uzi ukishashika hapo, kuutema ni kazi ngumu; anaumeza tu, na kama una sindano, anaimeza pamoja nao. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo unaendelea kuusukuma uzi usiosogea, ukajikusanya kama kitambaa unapovuta uzi kukitia marinda. Uzi uliokazika namna hiyo unakata utumbo. Paka anatapika, anakataa chakula, hapati choo, anajificha chini ya kitanda. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Najua mtakavyonijibu. Madaktari wa wanyama huku wamezoea ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na upasuaji wa paka una bei ambayo watu wengi hawana. Ndiyo maana nasema kazi yote ifanyike kabla. Kwangu vipande vyote huingia kwenye ndoo yenye kifuniko, sindano kwenye kopo, na uzi ulioanguka unafagiliwa kabla ya taa kuzimwa. Wanaojifunza kushona kwangu hunung'unika kidogo. Wanung'unike.

Chakula nacho kina neno lake. Paka ni mla nyama. Bugali na mchuzi peke yake haumtoshi, hata akimaliza sahani. Samaki sambaza wa ziwani wanapatikana, wachache kila siku wanasaidia. Paka mwenye minyoo au upungufu wa damu anaweza kuanza kula vitu vya ajabu, udongo ukiwemo. Na paka mzima aliyeishi miaka bila tabia hii, kisha akaanza ghafla kutafuna nguo, huyo ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Aliyechoshwa na kufungiwa chumbani mtafutie kazi: ficha samaki wawili watatu kwenye trei ya mayai ya karatasi, awatafute. Ila msimchezeshe kwa uzi, jamani. Watoto wanapenda sana mchezo huo, na mchezo ukiisha uzi unabaki sakafuni naye.

Jirani yangu ana paka mwenye mimba sasa hivi, na watoto wote wameshagawiwa kwa mdomo. Nimemwomba asitoe hata mmoja kabla ya wiki 8. Amekubali, lakini baba mmoja anayekaa juu kidogo, anayengoja wake, amenuna, anasema panya wa kwake hawatangoja. Nimemwambia anunue mtego.