Bila mbu mbwa haambukizwi minyoo ya moyo
Hapo mlipoandika mbwa anapata minyoo ya moyo kwa kulala banda moja na mbwa mgonjwa sikubaliani kabisa, bila mbu haiambukizi. Mbu akinyonya damu ya mbwa mgonjwa anabeba vimelea vichanga, vinakua ndani yake kama wiki mbili hivi, kukiwa na baridi vinachelewa, ndo akimuuma mwingine vinapenyea pale pale alipouma, halafu inachukua miezi 6 hadi 7 kuwa minyoo mikubwa kwenye moyo na mishipa ya mapafu, jike anafika mpaka sentimita 30 yani rula nzima! Mi nakaa Pasua hapa Moshi, ukisogea kidogo tu ni majaruba ya mpunga ya Mabogini, mbu wa jioni hawasemeki, mbwa wangu akawa anakohoa, akikimbia kidogo anakaa chini, nikadhani ni vumbi mpaka daktari wa mifugo alipompima damu, iliniuma sana jamani. Huyu niliyenaye sasa nampa dawa ya kinga kila mwezi sikosi. Huko Arusha kuna mtu mbwa wake ameshapimwa hii kitu?