Kidole cha muuza samaki na sumaku ya muoni

Juzi nilinunua nguru sokoni, hapa hapa kisiwani. Mizani ikasema kilo moja na nusu. Nyumbani mama akampima kwa mizani yake ya unga: kilo moja na robo. Sisemi wizi. Labda kidole kililala kwenye sahani, maana mtu akitaka sana samaki awe mzito, hata kidole chake hakisikii.

Hamu hiyo wanaijua wanafizikia wa Fermilab, maabara ya chembe karibu na Chicago, Marekani. Wao walimpima muoni (si mwenye kuona, ni chembe), ndugu wa elektroni aliye mzito mara 207 hivi, anayeishi mikrosekunde 2.2 tu. Ndani ya sumaku huyumba kama pia inayotaka kuanguka. Kama kuna chembe tusizozijua, nazo humgusa, na mwendo wa kuyumba hubadilika kidogo mno.

Kinachonivutia mimi ni saa yao ya kupimia mwendo huo. Iliharibiwa mwendo makusudi, kwa kiasi walichokijua watu wawili tu walio nje ya timu, wakakifunga kwenye bahasha. Wengine wakapiga hesabu miaka bila kujua jibu litaangukia wapi. Bahasha zilifunguliwa Februari 2021. Aprili wakatangaza kipimo ambacho, kikiunganishwa na kile cha awali cha maabara ya Brookhaven, kilipishana na nadharia (mwendo unaotarajiwa kwa chembe tunazozijua) kwa sigma 4.2, yaani pengo ambalo ni vigumu kuliita bahati tu, na dunia ikapiga vigelegele: fizikia mpya! Nami nilishangilia, sikatai.

Kipimo cha mwisho kilitoka Juni 2025, kosa lake sehemu 127 katika bilioni. Ni kama kupima barabara ya Mombasa hadi Nairobi ukakosea sentimita 6. Kilichosogea ni nadharia: hesabu mpya za kompyuta kubwa ziliisogeza karibu na kipimo, pengo likafa. Nayo nadharia bado ina kosa mara nne ya lile la kipimo, na data za migongano ya elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji kinyume), ambazo nadharia iliziegemea hapo awali, hazipatani zenyewe kwa zenyewe.

Barazani, kwenye kahawa, jamaa ananiambia pesa zimeliwa bure. Bure vipi, bwana? Waliopima hawakuyumba, aliyebadilisha maneno ni mpiga hesabu wa nadharia, na sasa ndiye mwenye kazi.

Jumamosi narudi kwa yule muuza samaki na pakiti ya unga ya kilo mbili. Nitamwomba tuiweke hiyo kwanza, mikono yote miwili mfukoni.