Kukataa lambalamba si kukiri uchawi

Lambalamba, waganga wanaopita vijijini kufichua wachawi, wakiingia kijijini, iwe Rungwe, Mbozi au Ludewa, kusini mwa Tanzania, hakosekani anayegoma. Michango imepita nyumba kwa nyumba, mkutano umeitishwa, watu wamepanga foleni kuchanjwa, naye kasimama mlangoni pake anasema humu haingii mtu. Kabla jua halijazama kijiji kimeshamhukumu: kama yu safi, anaogopa nini?

Huyo ndiye ninayetaka tumsikilize, kwa sababu wenzake tunawasikia kila siku.

Wenzake wana hoja, na si ya kubezwa. Mama aliyezika watoto wawili mfululizo anataka jibu ambalo zahanati haikumpa. Historia nayo inawabeba kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa Iringa walivuka mpaka hadi Rumphi, kaskazini mwa Malawi ya leo, kwa mganga Lighton Chunda, maarufu kwa jina la Chikanga. Aliyebainika kuwa mchawi huko alichanjwa, akarudi kulima shamba lake. Kwa anayejua panga la usiku linavyowamaliza wanaoshukiwa uchawi, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini aliyesingiziwa anabaki na nini? Zamani Wanyakyusa walikuwa na mwafi: mtuhumiwa anakunywa, akitapika hana hatia. Ilikuwa sumu, na siitamani irudi, ila aliyetapika alisafika mbele ya macho ya wote. Kwa lambalamba hakuna kutapika. Wakiingia uvunguni wakatoka na kipembe cha uchawi kilichofungwa kitambaa chekundu, mwenye nyumba aseme nini? Atathibitishaje kwamba hakikuwemo? Basi ndugu wanamsihi akubali tu, achanjwe, yaishe.

Hayaishi. Vijana wamesharekodi kwa simu, na mwanawe aliyeko Tunduma anaiona video hata kabla ya kupigiwa na nyumbani. Posa ya binti inavunjika bila maelezo. Akienda msibani, akishika jembe kusaidia kuchimba kaburi, wenzake wanasogea pembeni. Miaka kumi baadaye ng'ombe wa jirani akifa ghafla, jina la kwanza kutajwa ni lake, na safari hii wanao ushahidi: si alichanjwa? Alikubali ili apate amani, kumbe alitia sahihi hati ya mashtaka ya maisha yake yote, na ya watoto wake. Anayegoma ameliona hilo mapema. Heshima ndiyo mali pekee aliyobaki nayo, hataki kuilipia faini kwa kosa ambalo hakulitenda.

Serikali nayo haijamsaidia vya kutosha. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa enzi za Mwingereza mwaka 1928, inamruhusu mkuu wa wilaya kumwamuru anayeshukiwa akaishi kwingine. Nakubali, amri ya namna hiyo inaweza kuokoa roho. Ila anayeondoka ni aliyetajwa. Aliyemtaja anabaki, na shamba la chai pamoja na makaburi ya wazazi wa mwenzake viko jirani yake.

Mtendaji wa kijiji anajua kwamba ramli chonganishi, ile ya kutaja wachawi na kugombanisha watu, imepigwa marufuku. Michango ikianza kupita, aizuie siku hiyo hiyo na apige simu polisi. Na kama kuna mtu wa kukaa naye usiku ule, ni yule aliyegoma, akae naye kumlinda, asiende kumshawishi akubali yaishe.