Chema Chajiuza? Sifa za Treni za Mwendokasi Ugenini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya reli za mwendokasi usemi huo una ukweli nusu tu. Mfumo wa Shinkansen wa Japani, ulioanza kazi kati ya Tokyo na Osaka Oktoba 1964, haujapoteza abiria hata mmoja kwa treni kugongana au kuacha reli, na bado ilipita miaka zaidi ya 40 kabla treni ya nasaba hiyo haijabeba abiria nje ya Japani, huko Taiwan, mwaka 2007. Ikiwa sifa pekee ingetosha kuuza, wanunuzi wangepanga foleni mapema zaidi.

Sababu moja ni kwamba Wajapani hawapendi kuuza treni peke yake. Huuza njia isiyochanganyika na treni za kawaida wala kukatwa na barabara, pamoja na mitambo ya ishara, ratiba ya ukaguzi na mafunzo ya wafanyakazi. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa usalama wao hautoki kwenye mabehewa bali kwenye mambo hayo yote yakiwa pamoja, na anayechukua kipande kimoja hawezi kudai matokeo ya kitu kizima. Lakini mnunuzi naye ana hoja yake: mfumo mzima ni ghali, tena unamlazimu kuiacha kando reli aliyo nayo tayari.

Wafaransa walishika njia nyingine. TGV, iliyoanza mwaka 1981, hukimbia kwenye njia yake maalumu kisha huendelea kwenye reli za zamani hadi katikati ya miji, na uwezo huo wa kutumia reli zote mbili ndio uliowapatia wateja. Korea Kusini ilianza kutumia treni za asili hiyo mwaka 2004, na Moroko ikafuata Novemba 2018 kati ya Tangier na Casablanca, ambako treni hufikia kilomita 320 kwa saa hadi Kenitra tu, kisha huingia reli ya kawaida. Mwaka 2019 ilibeba abiria wapatao milioni 3. Rekodi ya kilomita 574.8 kwa saa iliyowekwa na Wafaransa Aprili 2007 ilijaza magazeti, ingawa hakuna abiria atakayesafirishwa kwa mwendo huo. Kwa maoni yangu reli ya Moroko imewatangaza vizuri zaidi, maana hiyo mtu anaweza kuikatia tiketi.

Isitoshe, sifa ya kampuni haimo mikononi mwake peke yake. Huko Taiwan waliopewa kwanza nafasi ya kuuza treni walikuwa kundi la kampuni za Ulaya. Kisha gurudumu la treni ya Kijerumani likapasuka karibu na Eschede, Ujerumani, mnamo 3 Juni 1998, watu 101 wakafa, na Septemba 1999 kisiwa chenyewe kikapigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Baada ya hapo uzoefu wa Wajapani katika nchi ya matetemeko ukawa na thamani ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua.

Mfano wa China unavuruga hesabu hiyo. Ajali ya Wenzhou ya Julai 2011 iliua watu 40, na kitendo cha kufukia sehemu ya mabaki ya treni kilizua shaka kubwa kuliko ajali yenyewe. Hata hivyo, miaka minne baadaye Indonesia iliiacha Japani na kuichagua China kujenga reli ya Jakarta hadi Bandung, hasa kwa sababu China haikudai serikali ya Indonesia iudhamini mkopo wa ujenzi. Reli hiyo ya kilomita 142 ilifunguliwa Oktoba 2023, gharama zikiwa zimevuka makadirio kwa zaidi ya dola bilioni 1, na serikali ya Indonesia ikalazimika kutia fedha zake. Mshindi alikuwa mkopo kuliko jina. Wajapani nao walilijua hilo, kwani mwaka huohuo wa 2015 walikubaliana na India kuhusu reli ya Mumbai hadi Ahmedabad kwa mkopo wa miaka 50 wenye riba ya asilimia 0.1.

Mkopo, basi, hufungua mlango, lakini hauwezi kulinda jina siku treni zinapoanza kukwama. Hapo ndipo naona msimamo wa Wajapani una busara, hata kama unawanyima zabuni: anayetoa treni bila kuwa na kauli juu ya namna zitakavyokaguliwa na kuendeshwa atabeba lawama za mambo asiyoyatawala. Huduma ya Fyra kati ya Uholanzi na Ubelgiji ilianza Desemba 2012 kwa treni za AnsaldoBreda ya Italia, na katikati ya Januari ikasimamishwa baada ya treni kuharibika mara kwa mara na vipande kudondoka wakati wa theluji. Waendeshaji walisema treni zilitengenezwa vibaya. Mtengenezaji akasema ziliendeshwa vibaya. Pengine kila upande ulikuwa na sehemu yake ya ukweli, lakini abiria hawakungoja hukumu. Treni hizo zilirudishwa Italia, na tangu mwaka 2019 zinabeba abiria huko chini ya jina lingine.